Kwa nini gemu za RPG huchelewa kutoka, na uamuzi wako unahusika vipi

Tarehe 5 Oktoba 2020, CD Projekt Red, studio yenye makao yake Warsaw, Poland, ilitangaza kwamba Cyberpunk 2077 imefikia hatua ambayo watu wa biashara hii huiita dhahabu. Maana yake gemu imekamilika kiasi cha kupelekwa kiwandani ichapwe kwenye diski. Ukishasikia hivyo, kwa kawaida mambo yamekwisha. Tarehe 26 shabiki mmoja aliuliza Twitter kama sasa anaweza kuomba likizo kazini bila hofu, na ukurasa rasmi wa gemu ukamhakikishia kwamba tarehe haibadiliki tena. Kesho yake likatoka tangazo kwenye ile rangi yao ya njano: gemu inasogezwa siku 21, kutoka 19 Novemba hadi 10 Desemba. Ilikuwa mara ya tatu ndani ya mwaka mmoja. Walianza na 16 Aprili, wakaenda 17 Septemba, wakaenda 19 Novemba.

Hasira zilipanda hadi baadhi ya watengenezaji wakatumiwa vitisho vya kuuawa. Kwa ajili ya gemu! Waliojaribu kuwatuliza wenzao walikuwa na jibu ambalo halikosekani kila gemu ya aina hii inapochelewa: hii ni RPG bwana, mchezaji anaamua mambo mengi, lazima ichukue muda.

Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ila limewekwa mahali pasipo pake. Gemu za RPG ni zile unazovaa uhusika wa mtu, unamkuza uwezo wake, na katika zile tunazozizungumzia hapa unamchagulia pia aseme nini, amwokoe nani na amsaliti nani. Uchaguzi huo kweli hula miaka ya kazi. Lakini miaka hiyo huliwa mapema, wakati gemu haijapewa hata tarehe. Tarehe inayosogezwa wiki tatu kabla ya siku yenyewe huwa na sababu nyingine, na mtu asipotenganisha mambo haya mawili atasamehe palipotakiwa maswali na kulaumu palipotakiwa subira.

Hesabu isiyolipika

Chukua uamuzi mdogo kabisa. Mlinzi wa lango amekuzuia, na unaweza kumuua au kumwacha. Hapo kuna matokeo mawili. Ongeza uamuzi wa pili wa namna hiyo, yanakuwa manne; wa tatu, manane. Maamuzi kumi ya ndiyo au hapana yanazaa njia 1,024. Ishirini yanazaa 1,048,576. Hakuna studio duniani inayoweza kuandika hadithi milioni moja, na gemu kubwa ya RPG ina maamuzi zaidi ya ishirini.

Kwa hiyo hawaandiki hadithi nyingi, wanaweka alama. Ukimuua mlinzi, programu inaandika mahali fulani kwamba mlinzi amekufa, basi. Alama inakaa kimya. Saa 30 za kucheza baadaye unaingia dukani, na mwenye duka ni kaka yake mlinzi. Kabla hajafungua mdomo programu inapaswa kuuliza: mlinzi yu hai? Kama amekufa, huyu ana habari? Kama ana habari, anamjua muuaji? Kama anamjua, atamuuzia? Kila jibu linataka sentensi yake, na sentensi haiji peke yake. Inaandikwa, inahaririwa, mwigizaji anaisoma studioni, inatafsiriwa, waigizaji wa lugha nyingine wanaisoma, midomo ya mhusika inatengenezwa iendane na sauti, kisha mtu anakaa kuijaribu. The Witcher 3 ya CD Projekt Red hiyohiyo ilikuwa na mazungumzo ya maneno yapatayo 450,000 na wahusika wanaosema wapatao 950. Ilitafsiriwa katika lugha 15, saba kati yake zikiwa na sauti kamili. Kurekodi sauti za Kiingereza peke yake kulichukua miaka miwili na nusu.

Mhusika ghali kuliko wote ni yule anayeweza kufa. Akiwepo mmoja kwenye mazungumzo, mazungumzo yanaandikwa mara mbili. Wakiwepo wawili ni mara nne. Ndiyo maana, ukiwa mchezaji mwangalifu, utaona kwamba ukimwokoa mtu ambaye ungeweza kumwacha afe, mara nyingi baada ya hapo hapewi jukumu kubwa tena. Anakushukuru, anakuletea zawadi, anapotea. Mwandishi hawezi kuweka nguzo ya hadithi juu ya mtu ambaye katika mchezo wa jirani yako ameshazikwa.

Halafu kuna gharama ya kazi ambayo mnunuzi hataiona. The Witcher 2 ilitoka Mei 2011. Mwisho wa sura yake ya kwanza, Geralt, yule mwindaji wa mazimwi wa kulipwa, anachagua kufuatana na Vernon Roche, kamanda wa kikosi maalumu cha mfalme, au Iorveth, kiongozi wa waasi. Sura ya pili nzima inabadilika kutokana na hilo. Upande mmoja unaishi kwenye kambi ya jeshi, upande wa pili unaishi kwenye mji wa Vergen ambao jeshi hilo linataka kuuvamia, na kazi unazopewa na watu unaokutana nao ni tofauti. Mchezaji anayecheza mara moja, na wengi hucheza mara moja au hata hawamalizi, amelipia sura mbili na kuona moja. Mhasibu yeyote angesema huo ni wazimu. Kwangu ndilo jambo la ujasiri kuliko yote ambayo studio hiyo imewahi kufanya. Gemu iliyofuata haikuthubutu kulirudia kwa ukubwa ule.

Namna ya kulipunguza deni

Kama matawi hayawezi yote kuachwa yakue, waandishi wanayakunja. Hadithi inagawanyika kama mto uliokuta kisiwa: maji yanapita kushoto au kulia, kisha yanakutana tena upande wa pili. Ufundi wote uko kwenye kuhakikisha aliyepita kushoto anafika mbele akiwa bado na tope la kushoto.

Mass Effect ya BioWare, studio ya Kanada, ndiyo shule nzuri ya jambo hili, kwa mazuri yake na kwa aibu yake. Ilikuwa hadithi moja katika gemu tatu, za 2007, 2010 na 2012, na ungeweza kuhamisha kumbukumbu ya mchezo wako kutoka moja kwenda nyingine. Katika ya kwanza unamkuta malkia wa rachni, viumbe mfano wa wadudu wakubwa, ambaye inaaminika ndiye wa mwisho wa jamii yake. Yuko ndani ya tangi. Unaweza kumwachia huru au kumuua kwa asidi na kufuta jamii nzima. Uamuzi mzito huo, watu walikaa mbele ya skrini wakiufikiria. Miaka mitano baadaye, katika gemu ya tatu, unatumwa mahali na kukuta malkia wa rachni anatumiwa na adui kuzalisha askari. Ulimwachia? Ni yuleyule. Ulimuua? Adui ametengeneza mwingine. Mapango ni yaleyale, vita ni vilevile, na kinachobadilika ni maneno anayokuambia na faida utakayopata ukimwokoa.

Wrex alitendewa vizuri zaidi. Ni mpiganaji wa jamii ya krogan anayeweza kufa katika gemu ya kwanza usipoweza kumshawishi. Akiwa amekufa, gemu ya tatu inamweka Wreav mahali pake, mtu wa ukoo uleule lakini mkatili na mwenye uchu wa vita. Kazi ya njama inafanyika vilevile. Tofauti ni kwamba swali kubwa la sehemu hiyo, kama krogan waponywe ugonjwa uliowafanya washindwe kuzaa, lina uzito mwingine kabisa ukijua kwamba atakayewaongoza kesho ni Wreav na si Wrex. Njia imekunjwa, lakini mchezaji aliyempoteza Wrex anauhisi msiba wake kwenye uamuzi mpya. Hivyo ndivyo kukunja kunavyotakiwa.

Kisha ukaja mwisho. Gemu ya tatu ilitangazwa kwa msimu wa sikukuu za 2011, ikasogezwa, ikatoka 6 Machi 2012. Karibu kila ulichofanya katika gemu zote tatu kilikuwa kimegeuzwa kuwa pointi za nguvu za kivita, na kwenye dakika za mwisho ulichagua njia mojawapo kati ya tatu zilizoishia kwenye video zinazofanana sana, nyekundu, bluu au kijani. Mashabiki walikasirika kwa mtindo ambao bado unanichekesha: walituma keki ndogo zipatazo 400 kwenye ofisi za BioWare mjini Edmonton, zenye krimu nyekundu, bluu na kijani, zote zikiwa na ladha ileile ya vanila. Hakuna mhakiki aliyeeleza tatizo vizuri kuliko keki hizo. Kampeni hiyohiyo ilichangisha zaidi ya dola 80,000 kwa shirika la Child's Play linalosaidia watoto waliolazwa hospitalini, na BioWare nao wakazipeleka keki kwenye makazi ya vijana. Tarehe 26 Juni 2012 studio ikatoa nyongeza ya bure ya kuurefusha na kuufafanua mwisho ule.

Funzo ambalo BioWare inaonekana kulichukua ni kwamba kumbukumbu ya muda mrefu ni deni. Dragon Age: Inquisition ya 2014 ilikuruhusu kuingiza mamia ya maamuzi ya gemu zilizotangulia. Iliyofuata, The Veilguard ya 2024, ilibeba matatu tu kutoka Inquisition: ulimpenda nani, uliivunja taasisi yako au la, na uliapa kumfanya nini Solas, mwenzako wa zamani aliyekugeuka. Waliokuwa wamehifadhi historia zao kwa miaka kumi waliona wameporwa. Mimi nawaonea huruma, ila nikifikiria hesabu ya mlinzi na kaka yake, ikizidishwa kwa gemu nne, naelewa kwa nini mtu alikaa mezani akasema hapana.

Kinyozi na mipira ya theluji

CD Projekt Red walichukua njia nyingine, na walianza nayo mapema. Katika The Witcher ya kwanza, ya 2007, mfanyabiashara mmoja anakupa kazi ya kulinda makasha yake usiku kando ya maji. Wanakuja waasi wa Scoia'tael kuyachukua. Uwape au upigane nao? Ukiwapa, hakuna kinachotokea, unalipwa na kuendelea na shughuli zako. Saa nyingi baadaye, ukiwa mjini Vizima unafanya upelelezi, mtu ambaye ungemtumia kupata habari anakutwa ameuawa kwa mishale, na unakumbushwa makasha yale. Mchezaji aliyezoea kusevu kabla ya kila uamuzi na kurudia akiona matokeo mabaya hapo amekwama. Hawezi kurudi nyuma saa zote hizo. Na kwa studio ni nafuu kubwa: alama moja, tukio moja mbele, mshtuko mkubwa.

Gemu ya tatu ndiyo iliyoupeleka ufundi huu mbali. Kwanza angalia walivyoshughulikia deni la gemu iliyopita. Geralt anapelekwa mbele ya mfalme mkuu, lakini kabla ya hapo lazima anyolewe. Ameketi kitini, kinyozi ana wembe shingoni mwake, na jenerali Morvran Voorhis anamuuliza maswali kuhusu mambo ya nyuma: ulikuwa upande wa Roche au wa Iorveth, ulimfanya nini fulani. Kwa asiye na kumbukumbu za gemu ya pili hayo ndiyo majibu yatakayoingizwa. Fomu ya kujaza imegeuzwa kuwa mahojiano, na wembe upo pale kukukumbusha kwamba anayeuliza ana mamlaka.

Kisha fika jimbo la Velen kwa Phillip Strenger, Baroni wa Damu. Mlevi, alikuwa anampiga mkewe, na mke na binti wameondoka. Ukimtafuta mke, Anna, unamkuta kinamasini akilea mayatima chini ya vikongwe watatu wachawi. Vikongwe wanakutuma ukamalize roho iliyofungwa ndani ya mti. Roho nayo inakuomba uifungue, ikiahidi kuwaokoa watoto ambao vinginevyo wataliwa. Ukiifungua, watoto wanaokoka kweli, lakini kijiji cha jirani kinaangamizwa, Anna anafariki na Baroni anajinyonga. Ukiiua, watoto hawaonekani tena, Anna anabaki hai akiwa amerukwa na akili, na Baroni anaondoka naye kumtafutia mganga mbali. Hakuna tawi la tatu linalomponya kila mtu. Tena tazama bei yake. Baada ya hapo Strenger na mkewe hawahitajiki kwenye hadithi kuu. Waandishi waliliacha tawi liende mpaka mwisho wake kwa sababu lingeweza kukatika bila kuliangusha jengo.

Mwisho wa gemu hiyo nao umefichwa mahali ambapo huwezi kuutazamia. Kama Ciri, binti aliyelelewa na Geralt, atarudi salama au la hakuamuliwi na mlango wa rangi tatu. Kunatokana na nyakati tano za malezi zilizotawanywa, na mojawapo inakuja baada ya Vesemir, mlezi wao wote, kuuawa. Ciri amekaa amenyong'onyea. Unaweza kumwambia si lazima awe hodari katika kila jambo, mkanywe. Au kusema unajua kitakachomchangamsha, mkaishia kurushiana mipira ya theluji. Programu inaandika alama ndogo, haikuambii kitu. Wengi walichagua pombe kwa nia njema kabisa. Baba anayemwambia mwanawe aliyefiwa apumzike si baba mbaya, na hapa nadhani gemu ilikuwa kali kupita kiasi. Lakini hesabu yake ni safi: alama tano zinazojumlishwa, miisho michache iliyotengenezwa vizuri, na mchezaji anayejiuliza wiki nzima alikosea wapi.

Gemu hiyo pia ilichelewa. Ilitangazwa Februari 2013 kwamba itatoka 2014. Machi 2014 ikasogezwa Februari 2015, na baadaye tarehe ikawa 24 Februari. Desemba 2014 ikasogezwa tena wiki 12, ikatoka 19 Mei 2015. Maelezo ya studio yalikuwa kwamba gemu ni kubwa na changamano, na sehemu zote zilipokutana waliona mambo madogo mengi yanayotaka kurekebishwa. Hapo ndipo uchaguzi na ucheleweshaji vinapogusana kweli. Farasi wa Geralt aliyeonekana amesimama juu ya paa la nyumba ni hitilafu ya kuchekesha, picha zake zilisambaa na studio yenyewe ikaja kuitania. Alama iliyopotea haichekeshi. Mtu aliyekufa anakusubiri kijijini, mlango haufunguki kwa kuwa mwenye ufunguo hakutarajiwa kukutana nawe mapema, na saa 60 za mtu zimekwama. Hitilafu za namna hiyo hazionekani mpaka vipande vyote viwe mahali pamoja, na kadiri mchezaji anavyopewa uhuru wa kufanya mambo kwa mpangilio autakao ndivyo wajaribu wanavyokuwa na mipangilio mingi ya kupitia.

Sasa turudi kwenye tangazo la njano

Sababu iliyotolewa tarehe 27 Oktoba 2020 ilikuwa ya wazi kwa aliyesoma hadi mwisho: walikuwa wanaandaa na kujaribu matoleo tisa kwa wakati mmoja, ya PlayStation 4 na Xbox One pamoja na ndugu zake wenye nguvu zaidi, mashine mpya zilizokuwa zinaingia sokoni, kompyuta na Stadia, huduma ya Google ya kucheza gemu kupitia intaneti. Dhahabu ilimaanisha gemu inaweza kuchezwa mwanzo hadi mwisho. Waliendelea kuitengeneza kwa ajili ya sasisho la siku ya kwanza, na hilo ndilo halikuwa tayari. Habari ya matawi haimo. PlayStation 4 na Xbox One zilikuwa mashine za 2013, na mji wa Night City ulizishinda. Januari 2021 Marcin Iwiński, mmoja wa waanzilishi wa kampuni, alikiri kwenye video kwamba waliidharau kazi hiyo.

Wakati huohuo wafanyakazi walikuwa wameagizwa mwishoni mwa Septemba kufanya kazi siku sita kwa wiki, ingawa mwaka 2019 uongozi uliahidi hadharani kutolazimisha. Siku 21 za kusubiri kwa mnunuzi zilikuwa siku 21 za ziada za namna hiyo kwao.

Matokeo yanajulikana. Wahakiki walipewa toleo la kompyuta tu kabla ya gemu kutoka. Wiki moja baada ya kutoka Sony wakaiondoa kwenye duka la PlayStation, na haikurudi hadi 21 Juni 2021. Pamoja na yote iliuza nakala milioni 13 kufikia 20 Desemba, baada ya kutoa zilizorudishwa. Kwa wachezaji wa kwetu wanaotegemea bando kulikuwa na balaa la pembeni: aliyenunua diski bila intaneti ya maana alikuwa na toleo baya kuliko yote, na kulitengeneza kulitaka sasisho kama la 1.2 la Machi 2021, lililozidi GB 30.

Uchaguzi nao ulikuwa wapi? Mwaka 2018 studio ilionyesha dakika 48 za mchezo, na kivutio kilikuwa kazi ya kwenda kuchukua roboti kwa genge la Maelstrom. Ile kazi ni ya kweli na ni nzuri sana. Unaweza kulipa kwa pesa zako. Unaweza kukutana kwanza na Meredith Stout wa kampuni ya Militech akakupa chipu ya malipo yenye kirusi, ukaitumia hivyohivyo, ukaisafisha kwanza, au ukawaambia genge ukweli. Unaweza kupigana tangu mwanzo. Ndani kuna mfungwa, Brick, kiongozi aliyepinduliwa. Ukimfungua, saa nyingi baadaye utamkuta amerudi madarakani na atakuruhusu upite bila risasi kwenye kazi nyingine tofauti kabisa. Hivyo ndivyo watu walivyodhani gemu nzima itakavyokuwa. Haikuwa. Asili tatu unazochagua mwanzoni, mtu wa jangwani, wa mitaani au wa makampuni, zinakupa kila moja utangulizi wa nusu saa hivi, kisha zote zinamwagika kwenye mkusanyiko uleule wa picha ukiwa na rafiki yako Jackie Welles. Kinachobaki ni mistari kadhaa ya mazungumzo. Kazi ya roboti ilikuwa sampuli ya dirishani.

Na hili ndilo ningependa msomaji aligundue. Matawi hayo hayakukatwa Oktoba 2020. Wiki za mwisho huwezi kukata wala kuongeza tawi: waigizaji wamesharekodi, tafsiri zimeshafungwa. Kama yalikatwa, yalikatwa miaka nyuma, kimya kimya, na hakuna tangazo la rangi yoyote lililotolewa. Ucheleweshaji uliotangazwa ulikuwa wa mashine. Sasisho la 2.0 la Septemba 2023 liliigeuza gemu ikawa nzuri kweli, polisi wakapata akili na mfumo wa uwezo ukaandikwa upya, lakini asili tatu zilibaki na nusu saa zao.

Larian Studios ya Ghent, Ubelgiji, waliinunua subira waziwazi. Sehemu ya kwanza tu ya Baldur's Gate 3 iliuzwa kuanzia 6 Oktoba 2020 kwa watu waliojua wanacheza kitu kisichokamilika, na gemu nzima ikatoka 3 Agosti 2023. Karibu miaka mitatu maelfu kwa maelfu ya wachezaji walikuwa wanaonyesha watengenezaji mipangilio ambayo mjaribu wa kulipwa hawezi kuiwaza. Matunda yake yanaonekana kwenye vitu vidogo. Kuna uchawi wa kuzungumza na maiti. Maiti uliyeiua wewe mwenyewe inakataa kusema nawe. Lakini ukijibadilisha sura kwanza, inakujibu, kwa sababu haikujui. Mtu mmoja aliwaza hilo, mwingine akaliwekea alama.

Hata hivyo walikuwa na matangazo yao ya kutiliwa shaka. Kabla ya kutoka walisema miisho ina tofauti 17,000. Kumbuka hesabu yetu: maswali 14 ya ndiyo au hapana yanatoa 16,384. Nani yu hai, nani mliachana, nani alikubali ofa gani. Zidisha, idadi imepatikana. Haimaanishi kuna miisho 17,000 iliyoandikwa. Mwisho wenyewe ulipotoka ulionekana mwembamba, wakaongeza tukio la Karlach, mmoja wa wenzako wa safari, ndani ya mwezi mmoja, na Novemba 2023 wakaleta karamu ya kuagana ambako wenzako wanakueleza yaliyowapata. Tawi la uovu pia lina njaa: ukisaidia kuwaua wakimbizi wa msituni, Karlach na mwenzako mwingine, Wyll, wanakukimbia, na maeneo ya mbele yaliyopaswa kujaa wakimbizi hao yanabaki matupu zaidi kuliko yanavyojazwa na kitu kingine.

Na kuhusu tarehe, hawa nao walikuwa na kioja chao. Kwenye kompyuta gemu iliwahishwa kutoka 31 Agosti hadi 3 Agosti, ili isigongane na Starfield, gemu nyingine kubwa ya mapema Septemba. Kwenye Xbox ilichelewa hadi Desemba kwa sababu mashine ndogo ya Series S ilishindwa kugawa skrini kwa wachezaji wawili. Gemu ileile, matawi yaleyale, tarehe tatu: soko, mashine, na PlayStation 5 katikati yake, 6 Septemba.

Kwa hiyo tangazo la kuahirisha likitoka, angalia kwanza umbali. Wiki tatu au sita ni hitilafu, ukaguzi wa Sony na Microsoft, au kalenda ya mauzo. Miezi mitatu, kama The Witcher 3, inaweza kuwa vipande vimekutana na kugombana. Mwaka mzima au zaidi huenda bado kuna mtu anaandika. Halafu angalia walichokuwa wakionyesha: kama ni kazi ileile moja kila maonyesho, uliza kuhusu nyingine. Ukubwa wa gemu peke yake hauthibitishi kitu. GTA VI imesogezwa kutoka 2025 hadi Mei 2026, kisha hadi 19 Novemba 2026, na mfululizo huo haujawahi kujulikana kwa kumpa mchezaji matawi mengi ya hadithi.

CD Projekt Red sasa wanatengeneza The Witcher 4, Ciri akiwa mhusika mkuu. Trela ilitoka Desemba 2024 bila tarehe, na mwaka 2025 kampuni iliwaambia wawekezaji kwamba haitatoka kabla ya 2027. Mashabiki wameanza kulalamika kwamba kimya ni kirefu. Kwa anayejali uamuzi wake utakumbukwa au la, hiki ndicho kipindi ambacho matawi yanaandikwa au yanakatwa.